Kisigino

Tangazo lilibandikwa kando ya mlango wa maktaba:
wanatafutwa wanafunzi wasiolala.
Nilicheka. Wangebandika tu orodha ya darasa zima.

Mwalimu Shalo alitueleza polepole,
kama mtu anayeuza kitu asichokiamini sana:
kuna mazoezi unayoyafanya,
na kuna mazoezi unayofanyiwa.
Wewe lala chali, mashine itakukunja magoti,
itakunyoosha, itakukunja tena, dakika ishirini,
na asubuhi utajaza fomu:
umelala saa ngapi, umeshtuka mara ngapi,
na moyo wako, kuanzia moja hadi tano, u hali gani.

Moja hadi tano!
Mama hanipigii kwa kuwa hana salio,
nami simpigii kwa kuwa ataniuliza habari ya karo.
Hiyo ni namba ngapi?

Hosteli yetu ya Barani ina madirisha manane
na usingizi hauingii hata kwa moja.
Huingia mbu. Huingia disko la watalii,
tuktuk inayokohoa, na jirani anayekariri mguu
kwa sauti, kama anayeita kuku wake:
paja, pia, muundi, kifundo, wayo,
paja, pia, muundi.

Basi nikalala kwenye kitanda cha maabara saa mbili usiku,
miguu imefungwa mikanda ya buluu,
mashine ikaanza, ngru, ngru,
ikinitembeza bila kunifikisha popote.
Siku ya kwanza niliandika mbili.
Ya pili, mbili.
Ya tatu nikaandika tatu, kwa heshima ya mwalimu.

Bibi yangu kule Ganda angeuliza
ni maradhi gani haya ya msichana mzima,
aliyebeba ndoo kichwani tangu ana miaka saba,
kulipwa nauli ili asogezwe miguu.

Usiku wa sita stima ikakatika.
Goti langu likabaki limening'inia, nusu ya safari.
Mwalimu alikuwa ametoka kutafuta viazi karai.
Swabra Lali, mwenye zamu ya kuandika takwimu,
msichana wa Amu asiyezoeana na mtu,
akawasha tochi ya simu, akaiegemeza dirishani,
akafungua mikanda.
"Zimebaki dakika kumi na mbili," akasema.
"Hesabu ikipunguka nitaulizwa mimi."

Akashika kisigino changu kwa kiganja,
mkono wa pili chini ya goti.
Akakunja. Akanyoosha.
Akahesabu kwa Kiamu, chini chini,
moya, mbili, hata kenda, hata kumi,
kisha moya tena.
Mashine ilikuwa ikisukuma tu. Yeye alingoja:
goti likikaza, anasita,
likilegea, ndipo anaendelea.
Sikumbuki ni lini mara ya mwisho
mtu alinibebea uzito wangu,
hata huu wa mguu mmoja.

Kumi la tatu sikulisikia.

Niliamka alfajiri palepale maabara,
nimefunikwa koti jeupe la mtu,
mfukoni mwake ganda la ndimu.

Fomu iliuliza: mashine ilifanya kazi ipasavyo?
Nikatia alama kwenye "La".
Usingizi: saa saba na nusu.
Moyo: hapo kalamu ikasita.
Tano ingekuwa uongo, karo iko palepale.
Nikaandika nne, nikaifuta, nikairudisha.

Mwalimu Shalo aliisoma, akavua miwani.
"Usiku wa sita tutautoa," akasema,
"umeniharibia hesabu."
Nikamjibu sawa. Autoe.

Jioni nikamkuta Swabra kwa muuza mihogo,
macho mekundu kama aliyemenya vitunguu gunia zima.
Nikamrudishia koti lake.
Nikamuuliza yeye hulala saa ngapi.
Akacheka kidogo, akaanza kuhesabu kwa vidole,
akaishia kwenye kidole cha pili.

Kulikuwa na benchi pale, na watu wanapita.
"Lete mguu," nikamwambia.